P2 wanaijua, pep je?

Muulize mwanafunzi wa chuo, awe Tudor au Kisauni, P2, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, inauzwa wapi. Atakutajia kemisti tatu bila kufikiri. Muulize kuhusu pep, huenda akakujibu, "Ndiyo nini?"

Pep ni dawa zinazozuia virusi vya Ukimwi visishike mwilini baada ya mtu kuingia hatarini. Huanzwa ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahiwa ndivyo bora, kisha humezwa siku 28. P2 huzuia mimba, basi, virusi haivigusi.

Wapo wazazi Mombasa hii wasiotaka haya yafundishwe chuoni. Ukimwonyesha kijana mlango wa dharura, wanasema, umemwambia moto si neno. Ushahidi wao ni hiyo hiyo P2, dawa ya dharura ambayo wengine wameigeuza peremende. Hoja hii ina uzito, na anayeidharau hajasimama kemisti Jumapili asubuhi.

Lakini P2 ilifundishwa na nani? Hakuna mhadhiri aliyepanda jukwaani. Ilienea kwa minong'ono ya hosteli, ikafika nusu: jina na bei. Kimya cha watu wazima hakikuizuia hata siku moja. Kilizuia tu ile nusu nyingine ya habari. Tena pep si ya wazinzi peke yao. Aliyebakwa anaihitaji, na mwanafunzi wa uuguzi aliyejichoma sindano wodini anaihitaji vilevile. Huyo naye tumnyime kwa kuogopa zinaa?

Nipo upande wa wazazi kwenye jambo la kufundishia haya ukumbini. Wiki ya kwanza chuoni, mamia wamekaa pamoja, picha za vidonda ukutani, wavulana wanacheka, wasichana wameinamia simu. Wazee huliita hilo utovu wa haya, mimi naliita ualimu mbovu, ila dawa yetu ni moja: wasichana kando, wavulana kando, watu ishirini hivi, na muuguzi asiyeshtuka akiulizwa. Nani atauliza habari za kondomu iliyopasuka mbele ya darasa zima?

Na hesabu ya saa ifundishwe kabla ya majina ya magonjwa. Lililotokea Ijumaa saa 5 usiku hutimiza saa 72 Jumatatu saa 5 usiku. Wikendi zahanati ya chuo ikiwa imefungwa, na kijana hajui kwamba hospitali ya serikali inazo dawa hizo, akingoja kipindi cha Jumatatu alasiri kiishe amebakiwa na saa chache tu.