Laini ziko wazi, lakini si kwa kila mada

Ikifika saa moja usiku televisheni za Kenya husoma habari kwa Kiswahili, na saa tatu husoma kwa Kiingereza. Kati ya taarifa hizo mbili, huku magharibi, redio ina watu wake ambao runinga haiwafikii: mlinzi aliyeketi langoni Milimani, mama anayefunga kibanda soko la Kibuye mjini Kisumu, dereva aliyetoka Nakuru na bado hajaiona Kericho, wavuvi wa omena wanaowasha taa ziwani kwa sababu omena huvuliwa usiku. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya kaya nchini zina redio, na hapo hazikuhesabiwa redio zilizomo ndani ya simu.

Watu hawa hupewa vipindi vya mazungumzo. Jioni moja mjadala ni bajeti ya kaunti, nyingine ni ugonjwa fulani, na mara chache, tena ukibahatika, ni kitabu. Mada hubadilika ila mpangilio ni uleule: mtangazaji, wageni wawili wanaotarajiwa kupingana, tangazo la mbolea, kisha kauli tunayoijua sote kwamba laini ziko wazi. Nina shaka na kauli hiyo. Si kwamba laini zifungwe. Ni kwamba siasa, sayansi na vitabu haziwezi kufunguliwa simu kwa namna moja na zote zikasalimika.

Niwape kwanza haki yao wanaosema laini zisifungwe kamwe. Wana historia. Enzi za Voice of Kenya redio ilikuwa ya serikali, msikilizaji kazi yake ilikuwa kusikiliza. Vituo binafsi vilipoanza kurusha katika miaka ya 1990, ndipo raia wa kawaida alipopata kumuuliza kiongozi swali na nchi nzima ikasikia. Katiba ya 2010 ikakazia haki hiyo katika vifungu vya 33 na 34. Leo mwakilishi wa wadi akiketi studio na kusema mtaro wa Kondele umezibuliwa, atapigiwa simu na mtu anayeishi kando ya mtaro huohuo, akiwa bado na matope viatuni. Hakuna mhariri wala mchambuzi awezaye kufanya kazi hiyo vizuri kuliko yeye. Katika mambo ya utawala mpigaji simu ni shahidi, na kumnyima laini ni kumsaidia kiongozi kudanganya.

Upande wa pili nao una kumbukumbu zake, na zinauma. Ghasia zilipozuka baada ya uchaguzi wa 2007, redio kadhaa, hasa za lugha za mama, zililaumiwa kwa maneno yaliyopenya hewani kupitia simu za wasikilizaji. Tarehe 30 Desemba mwaka huo serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Mtangazaji wa Kass FM, Joshua arap Sang, alishtakiwa kuhusu ghasia hizo katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Kesi ilianza Septemba 2013, na Aprili 2016 majaji walio wengi wakaamua isiendelee. Hakupatikana na hatia. Hata hivyo mtu wa Nakuru aliyeiona Januari 2008 hahitaji kuelezwa kwa nini mhariri hushtuka mpigaji anapoanza na “wale watu”.

Hapa naegemea kwa wanaotaka simu, kwa sharti moja. Kipo kifaa cha kuchelewesha sauti kwa sekunde chache kabla haijatoka hewani, na yupo mtu anayeweza kuketi pembeni akaongea na mpigaji kwanza, ajue anataka kusema nini. Hayo ni gharama ya kawaida ya kazi. Kituo kisichoweza kuyamudu hakijawa tayari kwa mjadala wa siasa usiku wa uchaguzi. Marufuku ya serikali ni dawa mbaya zaidi. Juni 25, 2025, Mamlaka ya Mawasiliano ilipoagiza matangazo ya moja kwa moja ya maandamano yasitishwe, watu hawakuacha kutafuta habari. Walizitafuta kwenye simu zao, ambako hakuna mhariri wa aina yoyote. Agizo lenyewe lilisimamishwa na Mahakama Kuu.

Sayansi ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Chukua chanjo ya malaria, jambo la nyumbani kwetu kabisa. Majaribio makubwa ya RTS,S, ndilo jina la chanjo hiyo, yalihusisha watoto zaidi ya 15,000 katika nchi 7 za Afrika, na miongoni mwa vituo vya Kenya vilikuwamo Siaya na Kombewa. Chanjo ikazinduliwa Homa Bay Septemba 2019, na Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa watoto wa maeneo yenye malaria nyingi. Matokeo ya majaribio, kwa watoto waliopata dozi zote nne, ni kwamba ilizuia karibu visa 4 kati ya 10 vya malaria kwa muda wa miaka minne.

Itaje hesabu hiyo hewani, kisha fungua laini. Haikosi mtu atakayeuliza: kumbe sita bado wanaugua, basi ya kazi gani? Swali ni la haki, na jibu lake lipo, lakini linataka dakika tano za utulivu. Hesabu ile ni ya visa, si ya watoto. Mtoto wa kandokando ya ziwa anaweza kuugua malaria zaidi ya mara moja kwa mwaka, kwa hiyo kumpunguzia visa vinne katika kila kumi ni kumpunguzia homa, safari za zahanati na upungufu wa damu. Chandarua hakitupwi, chanjo huongezwa juu yake. Na chanjo ilipotolewa kwa majaribio ya utekelezaji Kenya, Ghana na Malawi, vifo vya watoto waliofikia umri wa kuchanjwa vilipungua kwa asilimia 13. Mtafiti akifika nusu ya maelezo hayo, mtangazaji anamkatiza kwa heshima zote: “Daktari, tuna mpigaji kutoka Mumias.” Mpigaji wa Mumias anasalimu jamaa zake, kisha anasema amesikia chanjo hizi zina mambo ndani yake. Muda umekwisha.

Ubaya zaidi ni ile tabia ya kutafuta mgeni wa kupinga. Ukimweka waziri, ni haki umweke na mpinzani wake, kwa kuwa wote wawili wanaomba kura na hakuna aliyepimwa maabarani. Ukimweka mtafiti wa KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na kumtafutia mtu wa kupinga chanjo ili kipindi “kiwe na usawa”, umeipa kazi ya miaka na uvumi wa wiki jana dakika kumi kumi. Msikilizaji anabaki akidhani wataalamu wamegawanyika nusu kwa nusu.

Hata hivyo siwezi kwenda umbali wa wanaosema sayansi iachiwe wataalamu. Kumnyamazisha mpigaji wa Mumias hakuui uvumi wake. Kesho utakuwa matangani, stejini kwa bodaboda, kwenye makundi ya WhatsApp, mahali ambapo daktari hayupo kabisa. Tena kuna mambo ambayo mtu wa ufuoni huyajua mapema kuliko mtafiti. Mei 2020 Ziwa Victoria lilipanda na kuivunja rekodi ya 1964. Walioona mwanzo maji yakiingia vyooni, visimani na kwenye mashamba ya Nyando na Budalang’i walikuwa wakazi wenyewe, na simu zao redioni zilikuwa habari kamili. Palipoharibika ni kwenye sababu. Wengi walisema Uganda imefunga milango ya bwawa la Jinja. Si upuuzi mtupu, maana ni kweli kwamba maji yanayotoka ziwani hudhibitiwa pale tangu bwawa lilipojengwa miaka ya 1950. Lakini karibu asilimia 80 ya maji yanayoingia ziwani ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na mvua za kuanzia mwishoni mwa 2019 zilikuwa kubwa mno. Kuilaumu Jinja ni sentensi moja. Kueleza mvua kunataka subira.

Kwa hiyo kwa sayansi ningegeuza utaratibu. Simu na ujumbe vipokewe mchana, au mwanzoni mwa kipindi, bila kujibiwa papo hapo. Maswali yapangwe, hata yale ya ajabu. Hasa yale ya ajabu. Kisha mtaalamu aachwe aongee nusu saa akiyajibu, na mtangazaji ambane pale anapojificha nyuma ya lugha ya maabara. Msikilizaji amesikika, na jibu limekamilika. Litakalopotea ni joto la mabishano, na najua mameneja wa vituo watalilia joto hilo.

Vitabu havinipi shida kubwa, ila masikitiko. Vikipata nafasi, mara nyingi ni vile vinavyotahiniwa: maudhui, wahusika, mbinu za lugha, na mwanafunzi wa kidato cha nne akipiga simu kuuliza swali la insha. Sidharau hilo. Kwa mtoto wa Ugenya ambaye shule yake haina maktaba, kipindi kama hicho ni mwalimu wa ziada asiyelipwa karo. Lakini mlinzi wa Milimani aliyeacha shule zamani akisikia “jadili ufaafu wa anwani” anajua hapo haitwi. Yeye angesomewa. Dakika kumi na tano za riwaya zikisomwa na sauti nzuri, bila simu wala uchambuzi, halafu kesho ziendelee. Sauti za kazi hiyo magharibi haijawahi kuzikosa: Grace Ogot alitangaza BBC London katika miaka ya 1950 kabla ya riwaya zake kuchapishwa, na Ken Walibora, tuliyempoteza Aprili 2020, alikuwa msomaji wa habari na mtunzi kwa wakati mmoja. Itabidi ruhusa ya mwenye hakimiliki iombwe, jambo linalowafanya wengi kukata tamaa kabla hawajaandika hata barua.

Kuhusu lugha nitasema kidogo. Dholuo, Lubukusu au Kinandi kitamfikia bibi wa Seme au Kapsabet kuliko Kiswahili, na vituo vya lugha hizo vinafanya kazi hiyo kila siku. Kiswahili nakitetea kwa Kisumu na Nakuru mjini, ambako mezani pamoja wameketi Mluo, Mluhya, Mkisii, Mkikuyu na Mnubi.

Kikwazo cha kweli ni pesa. Mtangaza biashara hupenda kuona simu zikiita, kwa sababu ndiyo ishara kwamba kuna mtu anasikiliza. Nusu saa ya mtafiti akijibu maswali haiiti. Vipindi vingi vya afya na mazingira huanza kwa ufadhili wa mradi, na mradi ukifungwa kipindi nacho hufungwa. Ndiyo maana jicho langu liko kwenye redio za vyuo vikuu: Equator FM ya Maseno, MMUST FM ya Kakamega, redio ya Egerton huko Njoro. Mtafiti, maktaba na studio viko ndani ya ua mmoja, na mishahara haitegemei tangazo la mbolea. Udhaifu wao ni masafa. Mvuvi wa Usenge hawapati vizuri. Kituo kikubwa cha Kisumu kingeweza kukirekodi kipindi chao na kukirusha baada ya saa nne usiku, muda ambao kwa vyovyote hujazwa muziki.