Kasi Iliyopimwa Kwenye Kiyoyozi

Wiki iliyopita nilisoma tathmini nyingine ya kompyuta mpakato nyembamba isiyo na feni, ambayo sifa yake kuu, kwa mujibu wa mwandishi, ni kwamba safari hii imewekewa prosesa (kipande kinachofanya hesabu zote za kompyuta) ya kizazi kipya yenye kasi kuliko ile ya mwaka uliopita. Kulikuwa na grafu za rangi, kulikuwa na asilimia, na mwishoni kulikuwa na ushauri kwa wenye mashine za kizazi kilichotangulia kwamba wakati wa kubadilisha umewadia. Kilichokosekana katika maneno yote hayo ni nyuzi joto za chumba ambamo vipimo vilifanyika. Mimi ninayeandika haya Dar es Salaam mwezi wa Februari, madirisha yakiwa wazi na pangaboi likizungusha hewa ileile ya moto, siwezi kulichukulia jambo hilo kuwa kasoro ndogo ya uandishi.

Msimamo wangu nitauweka mapema ili asitokee wa kusema nimezunguka. Kompyuta isiyo na feni haina njia ya kutoa joto isipokuwa kulipitisha kwenye bodi yake, yaani kasha lake la nje, hadi kwenye hewa, na kwa sababu hiyo kazi yoyote inayozidi dakika chache haiendi kwa kasi ya prosesa, bali kwa kasi ambayo bodi hiyo inaweza kuliondoa joto. Ukiifungia prosesa yenye nguvu zaidi ndani ya bodi ileile, au ndani ya bodi iliyopunguzwa unene ili tangazo lipendeze, ulichonunua ni dakika za mwanzo tu, na hapa kwetu pwani hata dakika hizo ni chache kuliko zile walizozihesabu wao.

Hesabu yenyewe haihitaji shahada. Joto hutoka kwenye bodi kwa kiasi kinacholingana, kwa makadirio, na tofauti iliyopo kati ya bodi na hewa inayoizunguka. Tuseme mtengenezaji ameamua kwamba bodi isizidi nyuzi 45, kwa kuwa zaidi ya hapo kiganja hakitulii juu yake. Katika ofisi yenye kiyoyozi kilichowekwa nyuzi 22, tofauti ni nyuzi 23. Katika sebule ya Tandika yenye nyuzi 33 saa tisa alasiri, tofauti ni nyuzi 12. Mashine iliyoweza kuhimili wati 10 mfululizo kule itahimili huku wati 5 na kidogo, na hakuna kizazi cha prosesa kitakachofuta ukweli huo, kwa sababu kilichozidiwa si prosesa. Chai iliyomiminwa kwenye kisahani hupoa upesi Makambako mwezi wa Julai na hukawia Tanga mwezi wa Februari, ingawa chai ni ileile na kisahani ni kilekile. Apple wenyewe wameandika katika maelezo ya MacBook Air, kompyuta yao nyembamba isiyo na feni, kwamba mashine hiyo imekusudiwa kutumika kwenye hewa ya nyuzi 10 hadi 35. Ni nani kati yetu aliyewahi kuambiwa hivyo dukani, na ni wangapi kati yetu wanafanyia kazi katika vyumba vya bati visivyo na dari, ambavyo mchana wa msimu huu huivuka hiyo 35 bila kuomba ruhusa ya mtu?

Najua yupo msomaji mwenye jicho kali atakayenikumbusha kwamba si kila mashine inailinda ngozi yake. Zipo zinazoiachia prosesa ipande hadi karibu na nyuzi 100 ndipo zipunguze kasi, na kwa hizo tofauti ya nyuzi 11 za chumba hupunguza nguvu kwa sehemu ndogo tu, wala si nusu. Nakubali, kwa shingo upande. Lakini joto hilo halijaenda mbinguni, limekuja kwenye bodi, na mashine ya namna hiyo inakulipisha mapajani kile ambacho mwenzake anakulipisha kwa kasi.

Mashabiki wa kila toleo jipya husema kwamba haya yalikuwa matatizo ya zamani, kwa hiyo na turudi huko zamani tuone. Intel walipoileta Core M mwaka 2014, prosesa ya wati 4.5 iliyotengenezwa kwa teknolojia ya nanomita 14, ahadi ilikuwa hiihii tunayoisikia leo: wembamba, ukimya, na kasi ya kompyuta kamili. Aprili 2015 tovuti ya uchambuzi wa kompyuta ya AnandTech, ambayo ilifungwa Agosti 2024 na ambayo bado naililia kwa sababu hakuna aliyeirithi kwa kiwango kile, ilichapisha uchambuzi ambao ningependa kila muuzaji wa kompyuta aufanyie mtihani kabla ya kufungua duka. Katika uchambuzi huo, kompyuta ya Asus Zenbook UX305 ilikuwa na Core M 5Y10, iliyokuwa katika daraja la chini la familia hiyo, yenye gigahezi (kipimo cha mapigo ya prosesa kwa sekunde) 0.8 na uwezo wa kupanda hadi 2.0. Zilizoshindanishwa nayo zilikuwa na 5Y71, yenye gigahezi 1.2 na uwezo wa kupanda hadi 2.9. Kwenye karatasi hapakuwa na mashindano. Kwenye kazi ndefu, ile ya bei nafuu iliweza kuipita ile ya bei ghali, kwa sababu ilikuwa imewekwa katika bodi pana ya alumini iliyoweza kupokea joto na kulitoa, ilhali yenye nguvu ilikuwa imebanwa mahali ambapo nguvu zake hazikuweza kutumika kwa muda mrefu. Kwa maneno mengine, mteja aliyelipa zaidi alipata pungufu, na stika iliyobandikwa pembeni ya vitufe haikumwambia chochote.

Kisha mwaka 2016 mambo yakapewa pazia zuri zaidi. Prosesa zilizokuwa zikiitwa Core m5 na Core m7 zikaanza kuitwa i5 na i7, majina yaliyozoeleka kwa prosesa zenye nguvu zaidi, wati zikabaki zilezile 4.5, na tofauti yote ikafichwa katika herufi Y iliyo katikati ya namba. Ndiyo maana hadi leo ukipita kwenye meza za kompyuta zilizotumika pale Kariakoo unaweza kuoneshwa mashine nyembamba kama daftari ukaambiwa kwa fahari kwamba ni Core i7, na ukiifungua sehemu ya taarifa za mfumo unakuta i7-7Y75. Muuzaji hajasema uongo. Aliyesema uongo alikaa mbali sana na Kariakoo, na alikuwa na idara nzima ya masoko.

Kwa upande wa Apple habari ni nzuri zaidi, na sitaki kuwanyima haki yao. MacBook Air yenye prosesa ya M1, iliyotoka mwishoni mwa 2020, ilithibitisha kwamba mashine isiyo na feni inaweza kufanya kazi ya maana. Lakini angalia walichokifanya baadhi ya wenye mashine hiyo: waliifungua, wakaweka vipande laini vya kupitisha joto kati ya bamba la alumini lililo juu ya prosesa na mfuniko wa chini, wakaifunga, na kasi yake katika kazi ndefu ikaisogelea ile ya MacBook Pro ya inchi 13 yenye M1 hiyohiyo na feni. Hawakubadilisha hata transista moja (vile viswichi vidogo mno vinavyoijenga prosesa), walilifungulia joto njia tu. Mwaka 2022 ilipokuja Air yenye M2, ambayo inapofanya kazi kwa nguvu zote hutumia umeme mwingi kuliko M1, bodi ilipunguzwa unene hadi milimita 11.3, na iFixit, watu wanaofungua vifaa kuonesha vilivyomo ndani, walipoifungua hawakukuta bamba kama lile la awali. Prosesa yenye njaa zaidi ikapewa nyumba nyembamba zaidi, na waandishi wa tathmini wakapiga makofi.

Sababu ya njaa hiyo inajulikana. Ili prosesa iende kasi zaidi ni lazima masafa, yaani zile gigahezi, yapande, masafa yakipanda ni lazima volteji nayo ipande, na umeme unaotumika huongezeka kwa mraba wa volteji hiyo, kiasi kwamba sehemu ya mwisho ya kasi ndiyo iliyo ghali kuliko zote. Zamani kupungua kwa ukubwa wa transista kulifidia gharama hiyo karibu bure, kama alivyoeleza Robert Dennard wa IBM mwaka 1974, lakini fidia hiyo ilikwisha karibu mwaka 2005. Tangu hapo kila kizazi kinaokoa umeme kwa mkono mmoja na kuutumia kwa mkono wa pili ili namba ya kwenye tangazo ipande.

Mpwa wangu anahariri video za harusi. Alikwenda kununua kompyuta, na muuzaji, ambaye duka lake silitaji, akamshauri aachane na mashine yenye feni iliyokuwa nene kidogo na ya bei nafuu, achukue nyembamba ya kizazi kipya. Nilikuwa nimeketi naye siku aliporenda, yaani alipoiachia kompyuta itengeneze faili la mwisho la video, ya harusi moja ya Mbagala, yenye saa mbili, tabaka kadhaa za rangi, na yale majina ya maharusi yanayomeremeta ambayo wateja wake hawakubali kuyakosa. Muda uliobaki ulianza kwa kupungua vizuri, ukasimama, kisha ukaanza kuongezeka mbele ya macho yetu. Ukanda wa chuma ulio juu ya safu ya vitufe vya F haukushikika. Yeye, kwa utulivu wa mtu aliyezoea, alitoa kigae kilichobaki kwenye ujenzi wa choo, akakiweka chini ya kompyuta, akavuta feni ya mezani na kuielekeza ubavuni mwake. Ndipo akaniuliza, "Mjomba, si waliniambia haina feni kwa sababu haipati moto?" Feni ile ya mezani inakula umeme mwingi kuliko kompyuta yenyewe, na LUKU ilikuwa inavihesabu vyote viwili. Hayo ndiyo maendeleo: feni imetolewa ndani ya mashine, ikawekwa juu ya stuli, na mnunuzi akaongezewa bei kwa ajili ya ukimya.

Majaribio yanayojaza grafu za tathmini hayawezi kuliona tukio kama hilo. Geekbench, programu maarufu ya kupima kasi, kwa mfano, ni mlolongo wa kazi fupi zenye mapumziko kati yake, na mapumziko ndiyo kitu pekee ambacho bodi isiyo na feni inakihitaji. Mwandishi wa tathmini anayetaka niamini maneno yake na aiendeshe mashine kwa nusu saa bila kupumzika, aandike joto la chumba, na achore kasi ya dakika ya kwanza kando ya kasi ya dakika ya thelathini.

Sina ugomvi na kutokuwepo kwa feni. Feni hufyonza vumbi, na yeyote aliyewahi kumpelekea fundi kompyuta iliyotumika Dodoma kiangazi kizima anajua kinachotoka ndani yake. Anayerekodi sauti chumbani anahitaji ukimya. Prosesa mpya nayo, katika kazi za muda mfupi kama kufungua kurasa za intaneti, kuandika, na kukokotoa majedwali, hufanya jambo jema kwelikweli: inaimaliza kazi upesi, inarudi kulala, na bodi haipati nafasi ya kupata moto. Kwa mtu ambaye siku yake nzima ni kazi za namna hiyo, kizazi kipya kitampa betri inayodumu zaidi, na sitasimama mlangoni kumzuia. Nitamwambia tu kwamba mtu wa kazi hizo hakuwa na shida ya kasi tangu mwanzo.

Ipo sababu moja ya kununua kizazi kipya ambayo naiheshimu, na wauzaji hawaitaji kamwe kwa sababu haina grafu. Ni zile sehemu za prosesa zilizojengwa kwa kazi maalumu. Video nyingi za YouTube siku hizi huja katika mfumo wa kubana video uitwao AV1, na prosesa isiyo na sehemu ya kuufungua mfumo huo hulazimika kuufungua kwa viini vyake vya kawaida, kwa jasho na joto jingi. Kwa Intel sehemu hiyo ilikuja na kizazi cha 11 mwaka 2020, na kwa Air ilikuja na M3. Katika bodi isiyo na feni, sehemu kama hiyo ni ya thamani kuliko gigahezi yoyote ya ziada, kwa kuwa inaifanya kazi kwa umeme kidogo badala ya kuikimbiza.

Kwa hiyo mwenye kazi ndefu, iwe ya video, ya kuunda programu kubwa kutoka kwenye msimbo wake, au ya kuchakata data, na achukue mashine yenye feni, hata kama prosesa yake ni ya kizazi kilichopita na hata kama ina unene wa kumfanya muuzaji akunje uso. Anayeitaka nyembamba isiyo na feni kwa sababu nzuri za vumbi na ukimya na achukue prosesa ya daraja la chini katika familia inayofungua AV1, na fedha itakayobaki aipeleke kwenye RAM (kumbukumbu ya kazi ya kompyuta), ambayo katika mashine hizi haiongezwi baada ya kununua. Aliyeiona Air inayouzwa kwa bei ya kuvutia aangalie kwanza kama ina RAM ya GB 8, kwa sababu Apple waliacha kuziuza Air mpya zenye kiasi hicho Oktoba 2024, na zilizobaki madukani zitamkwamisha kwa RAM kabla hata joto halijaanza kazi yake.