Maikroni 37 za Katwe

Ukimwambia mtu wa Kampala kwamba kuna mtafiti wa chuo kikuu anayelipwa kupima upana wa tundu la chuma, huenda akaona ni anasa. Hoja yake naielewa. Nchi inayoagiza hata boliti ina kazi gani na mtu anayehesabu sehemu za elfu za milimita? Mashine za kupimia ni ghali, zinataka chumba kisichotoka kwenye nyuzi 20 za Selsiasi, na umeme ukikatika chumba hicho hakina maana. Tena mafundi wa Katwe, mtaa wa karakana hapa Kampala, wanakereza shafti miaka yote, na vinu vya mahindi vinazunguka.

Vinazunguka kwa sababu fundi wa Katwe hupatanisha kitu na kitu. Anajaribu bushi, yaani bomba fupi la kuvika shafti, kwenye shafti yenyewe, anapunguza kidogo, anajaribu tena mpaka ikae. Ni ustadi wa kweli, siudharau hata kidogo. Ila bushi hiyo ni ya shafti ile tu. Kipuri kinachotengenezwa hapa ili kifungwe kwingine hakina nafasi ya kujaribiwa; kinategemea namba.

Na namba inadanganywa na joto. Chuma cha mita moja hurefuka takriban maikroni 11.5, yaani sehemu 11.5 za elfu za milimita, kwa kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka. Chukua tundu la milimita 100, limetoka kwenye mashine likiwa na nyuzi 60, limepimwa kwa kifaa chenye nyuzi 28 za karakana. Likipoa kufikia nyuzi hizo 28, litakuwa limepungua kwa karibu maikroni 37. Daraja la usahihi la H7, la kawaida kabisa kwa tundu la beringi, linaruhusu tofauti ya maikroni 35 kwa ukubwa huo. Yaani mkono wa fundi haukukosea, mashine haikuchoka, na bado joto peke yake limekula nafasi yote na kuipita. Atalaumiwa nani? Fundi.

Kiira Motors, iliyozaliwa na gari la umeme la Makerere la 2011, ina kiwanda cha mabasi Jinja. Basi likikwama Gulu, kipuri lazima kiingie mara ya kwanza. Karakana ndogo haitapewa kazi hiyo kama vipimo vyake havijalinganishwa na vile vya maabara ya ugezi, yaani sayansi ya vipimo, ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, Bweyogerere.

Wakosoaji wana haki pale utafiti unaponakili chumba cha baridi cha Ulaya. Lakini sehemu kubwa ya kazi ya watafiti wa fani hii ni kinyume chake: kufunga vihisi joto kwenye mashine, kufuatilia inavyotanuka tangu asubuhi, kisha kuandika programu ya kusahihisha kipimo palepale, bila kungoja chumba cha nyuzi 20. Utafiti wa namna hiyo hauna mahali panapouhitaji kuliko karakana ya mabati saa nane mchana. Leo hii anayejua kuacha chuma kipoe kabla ya kupima ni yule aliyekwisha kuharibu vipande kadhaa kwa fedha yake mwenyewe.