Kihariri kipya, herufi kwa foleni

Unasasisha kihariri cha maandishi, chanzo huria, watu wazima wanakisifia. Unabonyeza herufi, inatokea inapojisikia. Unaripoti kwa watengenezaji. Jibu la kwanza: "Kwangu iko sawa." La pili: "Ongeza RAM." Jamani! Kompyuta ni ile ile, faili ni lile lile, toleo la zamani halina shida. RAM imeingiaje hapo?

La tatu ndilo linanipandisha presha: "Zima rangi za msimbo", zile ambazo kihariri hupaka ili maneno ya programu yatofautiane. Yaani paa likivuja nihame nyumba?

Na si mambo mapya haya. Kihariri cha Vim, toleo 7.4, kilipotoka 2013 na injini mpya ya kulinganisha ruwaza (ndiyo inayotumika kupaka hizo rangi), wanaoandika kwa Ruby, lugha ya programu, walikiona cha moto; kushuka tu chini ya faili ikawa shughuli. Wakaambizana waweke `set re=1` ili warudi kwenye injini ya zamani. Mstari huo ukaganda kwenye mipangilio ya watu miaka na miaka.

Kumsaka mchawi, yaani badiliko lililoharibu, mbona kunawezekana. `git bisect`, amri ya programu ya Git inayotunza historia ya msimbo, inakata historia hiyo nusu kwa nusu: mabadiliko 1,000 yanaisha kwa majaribio kama 10. (Ingawa na sisi tunaoripoti tunakera. "Inasuasua" tu, bila namba ya toleo wala faili la mfano, asaidiwe vipi mtu?)

Lakini umewapelekea badiliko lenyewe lililoharibu, kila kitu mezani, halafu roboti (programu inayojiendesha yenyewe) inakuja kufunga ripoti eti imekaa muda mrefu bila kujibiwa. Sasa aliyetakiwa kujibu nani?