Kiroba cha machungwa saa 6 usiku

Mdogo wangu wa kiume alitoka Tanga na basi lililoharibika njiani. Mpaka anafika stendi ya Mbezi, akakamata boda hadi huku kwetu Mbagala, saa 6 usiku imeshapita. Mimi nimelala fofofo. Akasimama getini na kiroba chake anapiga simu, haipokelewi.

Asubuhi naamka nakuta picha yake kwenye grupu la WhatsApp la mtaa. Imepigwa kwa juu, dirishani, na kona ya pazia inaonekana. "Majirani, kijana huyu yupo hapa na kiroba muda mrefu. Nani anamfahamu?" Chini yake meseji ishirini na kitu. "Mkamateni kwanza, maswali baadaye." "Hawa ndio wale wale." Mmoja kaweka kijikatuni cha panga. Namba yangu imo humo humo kwenye grupu. Hakuna aliyepiga.

Kiroba kilikuwa na machungwa ya Muheza.

Mpiga picha alikuja mwenyewe asubuhi, mama wa watu, namheshimu, anacheka. "Si tulikuwa tunakulinda wewe?" Akaondoka na machungwa sita.

Sawa, nakubali kwa shingo upande: grupu limewahi kutufaa. Mwaka 2022 panya road, yale magenge ya vijana, walipokuwa wanaingia nyumba za watu na mapanga, hakuna aliyekuwa na hamu ya kuhubiri faragha, mimi nikiwemo. Vijana wa ulinzi shirikishi walipita usiku tukawachangia hela ya chai. Na kuchunguzana hakukuanza leo. Balozi wa nyumba kumi tunaye tangu enzi za TANU, hadi Wakenya wakaja na Nyumba Kumi yao baada ya shambulio la Westgate mwaka 2013. Balozi wa utotoni kwetu alijua nani kalala wapi na kaja na sanduku la rangi gani.

Lakini balozi alikuwa anapiga hodi! Anakuja kwa miguu yake, anasimama nje, anaita. Ukiitika anaingia, anakuuliza huku mnatazamana usoni, na wewe unajua nani kauliza na umemjibu nini. Hodi mara tatu kimya, mtu anarudi kwake. Hatukufundishwa na Ibara ya 16 ya Katiba, ile ya faragha, wala na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ambayo grupuni kwetu hakuna atakayeisoma. Tulifundishwa na bibi zetu, kwa kofi ikibidi. Kuchungulia dirisha la mtu kulikuwa na jina lake, na halikuwa "ulinzi".

Siku hizi jirani anajificha nyuma ya pazia, anakupiga picha, anaita watu mia na themanini waje wakuangalie pamoja naye. Kisha analala.

Na hapa sitanii. Katika mji huu, ukishaitwa mwizi, hakuna anayekuomba kitambulisho. Sote tumewahi kuona mwisho wake, tairi na kiberiti, na wengi tulisimama pembeni. Angetokea kijana mmoja mwenye kiherehere cha kutii ule ujumbe wa "mkamateni kwanza", leo nisingekuwa naandika habari za machungwa.

Halafu ajabu ya macho yetu haya makali! Mwaka jana mzee wa nyumba ya tatu aliugua, siku mbili hajatoka, ndoo yake iko bombani vile vile alivyoiacha. Hakuna aliyeposti. Mita ya maji ya msikiti iling'olewa mchana kweupe, hatukuona. Ila nani kaletwa na gari gani saa ngapi, hiyo tunayo na namba za gari. Pilipili usiyoila yakuwashiani?

Nilimwomba msimamizi wa grupu aifute ile picha. Akajibu, "Dada, yameshapita, tusonge mbele," akaiacha. Jana jioni, chini kidogo, imewekwa nyingine: binti anashuka kwenye boda, begi mgongoni, uso unaonekana vizuri tu. "Nani anamfahamu huyu?"

Nimeandika: "Geti lile pale mbele yako. Kapige hodi."

Nimetolewa kwenye grupu.