Steringi Asikabidhiwe Mkasi

Dokumentari ya michezo ikiisha, siku hizi siizimi haraka. Naacha majina yapande mpaka la mwisho, kwa sababu kuna jina moja nalisaka kati ya watayarishaji: la mchezaji mwenyewe, au la kampuni yake. Nikilikuta, napata jibu la kwa nini nimetazama magoli, machozi na muziki mzuri kwa saa nzima na bado sijamjua mtu. Anayesimuliwa ndiye aliyeshika mkasi wa uhariri, na mganga hajigangi.

Chukua "Beckham" ya mwaka 2023. Sehemu nne, mwongozaji Fisher Stevens, na kati ya watengenezaji wake ipo Studio 99, kampuni ambayo mwanasoka David Beckham ni mwanzilishi mwenza. Inatazamika vizuri sana, hilo silipingi. Wamebuni jambo zuri: wahojiwa wanaonyeshwa marudio ya mechi huku kamera ikiwakabili usoni, kwa hiyo unayaona macho ya mtu yakibadilika tukio lake la zamani linapopita mbele yake. Ile kadi nyekundu dhidi ya Argentina kwenye Kombe la Dunia la 1998, na chuki aliyofanyiwa Uingereza baada ya hapo, inauma kuitazama hata kama hukuwa mshabiki wake. Lakini hadithi ikifika miaka aliyochezea Real Madrid na misukosuko ya ndoa, sauti inashuka. Tunaambiwa kipindi kilikuwa kigumu, tunaonyeshwa nyuso za huzuni, tunavushwa. Swali ambalo kila mtazamaji anakuwa nalo mdomoni halikuulizwa.

Halafu angalia watu waliondoka na kipande gani. Mkewe, Victoria, amekaa anaeleza kwamba familia yake ilikuwa ya wafanyakazi wa kawaida. David anachungulia mlangoni, anamwambia aseme ukweli, baba yake alikuwa anampeleka shule na gari gani? Anakwepa, anabanwa, anakwepa tena, mwisho anakiri: Rolls-Royce. Sekunde chache za mume na mke kubishana mlangoni, na ndizo zilizozunguka kwenye simu za watu dunia nzima. Nadhani ni kwa sababu hapo, kwa mara moja, mtu aliulizwa swali na hakuachiwa mpaka akajibu.

"The Last Dance" ya 2020 ina ugonjwa huo huo, ila ina dawa yake ndani. Picha za msimu wa 1997-98 wa timu ya kikapu ya Chicago Bulls zilikaa kabatini miaka mingi zikisubiri Michael Jordan akubali, na kampuni yake, Jump 23, imo kwenye utengenezaji. Scottie Pippen, aliyecheza naye, alikasirika kiasi cha kuandika kitabu mwaka 2021 akilalamika kwamba wenzake wote wamegeuzwa wapambe wa mtu mmoja. Namwelewa. Hata hivyo naipenda, na ninachokipenda ni zile picha za zamani. Wapigapicha wa 1998 walikuwa ndani ya chumba cha kubadilishia nguo bila kujua msimu utaishaje. Hawakuwa na ushindi wa kuupamba bado. Jordan wa kwenye kiti cha mahojiano anajua kila kitu na anachagua maneno, lakini yule wa 1998 amechoka, ana hasira, anamsema mwenzake vibaya, na kamera inaendelea kuzunguka.

Hicho ndicho ninachokidai kwenye dokumentari ya michezo: mtu aliyekuwepo kabla matokeo hayajajulikana, na ambaye mwenye habari hamwamrishi. "Free Solo" ya 2018 inakidhi hilo kuliko nyingine zote nilizotazama. Alex Honnold anapanda jabali la El Capitan kule California, kama mita 900 kwenda juu, bila kamba. Wanaompiga picha ni rafiki zake, wapandaji pia, na wanaogopa kwamba kamera zenyewe zinaweza kumvuruga akadondoka. Kuna mpigapicha mmoja chini kabisa, kamera yake imeelekezwa juu, yeye ameigeuzia mgongo. Hawezi kutazama. Kamera inarekodi, mwenye kamera anaangalia pembeni, anageuka sekunde moja, anageuka tena. Nilijua Honnold alifika juu salama tarehe 3 Juni 2017, nilishasoma, na bado viganja vilinitoka jasho.

Au "Copa 71" ya mwaka 2023, ambayo ningetaka kila dada anayecheza mpira hapa mjini aione. Mexico mwaka 1971 palichezwa mashindano ya dunia ya wanawake ambayo FIFA haikuyatambua, na Uwanja wa Azteca ukajaa watu zaidi ya 100,000. Filamu inaanza na Brandi Chastain, bingwa wa dunia wa 1999 na Marekani, akionyeshwa picha za uwanja ule. Hakuwa na habari. Bingwa wa dunia hakuwahi kuambiwa kwamba walikuwepo wengine kabla yake! Wachezaji wale sasa ni bibi za watu, na wanaongea kama watu wasio na cha kulinda: wanacheka, wanalaani, wanalia. Hakuna kampuni ya matangazo inayowasubiri nje.

Sasa tuje kwenye filamu za pesa nyingi, maana humo nako mkasi unasumbua.

"F1" ya mwaka 2025 niliitazama mara mbili, kwanza Mlimani City, kisha kwenye banda la video Manzese ikiwa imetafsiriwa. Kwa macho na masikio, ni kazi kubwa. Mwongozaji Joseph Kosinski aliwaweka Brad Pitt na Damson Idris ndani ya magari ya mbio kweli, na kamera ndogo zinazogeuzwa kutoka mbali gari likiwa kasi, na walipiga picha katikati ya wikiendi za mashindano halisi. Ukumbi mzuri unakutikisa kifua. Banda halina spika hizo, lakini lina mtafsiri. Yeye Brad Pitt kamwita "steringi" na Idris "dogo" tangu mwanzo hadi mwisho, na kila walipogombana redioni aliwatilia maneno ya kwake: "Dogo tulia, hii kona mimi nimeikata kabla hujaacha kunyonya!" Kijana wa pembeni yangu kwenye benchi, ambaye hajawahi kufuatilia mbio za magari, alitoka pale anabishana na mwenzake kuhusu tairi laini na tairi ngumu. Mabanda yetu tunayaita vibanda umiza, lakini ndiyo sinema za wengi wa mji huu, na watafsiri wanastahili heshima zaidi ya wanayopewa. Marehemu Lufufu aliifungulia njia kazi hii, na mpaka leo watu wazima wakikumbuka mkanda fulani wa zamani, sauti wanayoisikia kichwani ni yake.

Kinachonikwaza kwenye "F1" ni hiki. Lewis Hamilton ni mmoja wa watayarishaji na Formula 1 wenyewe walifungua milango. Faida ni uhalisia. Gharama yake ni kwamba mchezo unatoka msafi mno. Steringi wetu, Sonny Hayes, anagonga magari ya wenzake kwa makusudi ili gari la usalama, lile linalopunguza kasi ya wote, liingie barabarani na timu yake inufaike, na filamu inataka tumpigie makofi kwa ujanja. Mchezo huu umewahi kuumizwa na jambo la aina hiyo hiyo. Singapore, mwaka 2008, Nelson Piquet Jr. wa Renault aliligongesha gari lake ukutani kwa mpango wa timu, mwenzake Fernando Alonso akashinda, na siri ilipofichuka mwaka uliofuata ikawa moja ya aibu kubwa za Formula 1. Filamu ingeweza kugusa kidonda hicho, ikampa Sonny dhamira inayomsuta, au ikampa mpinzani anayemwambia kwamba huo ni wizi. Ingekuwa filamu nzito zaidi. Lakini mwenye nyumba akikukaribisha sebuleni, ni vigumu kuuliza chumba cha nyuma kuna nini.

"Mission: Impossible – The Final Reckoning" sina mengi ya kuisemea. Tom Cruise akining'inia kwenye ndege ni Tom Cruise akining'inia kwenye ndege, na kipande kile kinalipa kiingilio. Saa nzima ya mwanzo ya kukumbushana filamu zilizopita ingeweza kukatwa na nisingeitafuta.

"Sinners", nayo ya 2025, ndiyo iliyonifanya nianze kuandika haya. Ryan Coogler alipoiuza kwa Warner Bros. alidai vitu vitatu: neno la mwisho kwenye uhariri, mgao wa mapato kuanzia dola ya kwanza, na filamu kurudi mikononi mwake baada ya miaka 25. Akapewa. Ni filamu iliyogharimu dola milioni 90 na ushee, kuhusu Wamarekani weusi wa Mississippi mwaka 1932, blues na wanyonya damu, haina shujaa wa kwenye katuni wala sehemu ya kwanza ya kuegemea. Michael B. Jordan anacheza pacha wawili, na baada ya dakika kumi unasahau kwamba ni mtu mmoja. Katikati kuna wimbo mmoja ambamo kijana Sammie anapiga gitaa na ghafla ukumbi unaingiwa na wacheza ngoma wa kale wa Afrika, mpiga gitaa la umeme wa miaka ya mbele, vijana wa hip hop, wote wanacheza chumba kimoja, paa linawaka. Aliyewahi kukesha kwenye kigodoro uswahilini haihitaji ufafanuzi scene ile. Mhasibu yeyote angeiogopa, maana kwa haraka haionekani kusogeza kisa mbele. Imebaki kwa sababu mkasi ulikuwa kwa mwongozaji.

Kwa hiyo kila ninapoona vijana wetu wa kamera hapa Dar wakiitwa na mtu maarufu "wamtengenezee dokumentari", nawaombea wapate kitu kimoja kwenye mkataba kabla ya pesa: uhariri uwe wao. Hilo halihitaji bajeti ya Marekani.

Tena habari tunazo, na zinatupita. Yanga walicheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023 na USM Alger, wakafungwa 2-1 kwa Mkapa, wakaenda Algiers wakashinda 1-0, wakalikosa kombe kwa sheria ya goli la ugenini. Miaka miwili baadaye Simba nao wakafika fainali ile ile, wakafungwa 2-0 na RS Berkane kule Morocco, na marudiano Amaan, Zanzibar, yakaisha 1-1. Fainali mbili, vilio viwili, mji mmoja. Kamera za klabu zilikuwepo, ila kamera ya klabu inapenda sherehe. Mimi ninachokitaka ni basi la kurudi kambini usiku ule, na kipa akiongea mwezi mmoja baadaye.

Picha inayotajwa zaidi ya mwanariadha wa Tanzania ni ya aliyeshika nafasi ya mwisho. John Stephen Akhwari, Olimpiki ya Mexico City, 1968, goti limefungwa bandeji, anaingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda marathoni. Watu wengi walishaondoka. Tunayo picha ile kwa sababu kikosi cha televisheni kilichokuwa kwenye ugawaji wa medali kilitumwa kumfuata baada ya kusikia bado kuna mtu mmoja njiani. Ndipo alipoulizwa kwa nini hakuacha, akajibu kwamba nchi yake haikumtuma maili 5,000 kuanza mbio, ilimtuma kuzimaliza.

Na tarehe 15 Septemba 2025, Tokyo, Alphonce Simbu, mtoto wa Singida, alishinda marathoni ya ubingwa wa dunia kwa muda wa 2:09:48, dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano hayo. Aliyekuwa wa pili alipewa muda ule ule. Kilometa 42, na tofauti ilikuwa sekunde 0.03, ikabidi picha ya mstarini iamue. Tulimpongeza Simbu wiki moja, tukarudi kwenye usajili.

Mtu aitengeneze filamu hiyo sasa, wakati waliokimbia naye mazoezini bado wanakumbuka, na video za kwenye simu zao hazijafutwa kupisha nafasi. Na akiitengeneza, asianzie kwa Simbu. Aanze na yule wa pili, Amanal Petros, aliyezaliwa Eritrea, akafika Ujerumani akiwa kijana mkimbizi, akaongoza mpaka hatua za mwisho kabisa, akajirusha mbele kuuwahi mstari na kuanguka chini. Akae kwenye kiti, aonyeshwe marudio, kamera imkabili usoni. Simbu aingie baadaye.