Idadi ya ajali pekee haitoshi kusanifu barabara za Tabora na Kigoma

Ukitoka Tabora kwenda Kigoma kwa njia ya Urambo, Kaliua na Uvinza, unapita kilomita nyingi za miombo ambako ajali ni chache na zimetawanyika. Hapo ndipo utaratibu uliozoeleka unapokwama. Kwa kawaida trafiki wanaandika, wahandisi wanakusanya rekodi za miaka 3 au 5 na kutia nukta kwenye ramani, na panaposongamana nukta panaitwa eneo hatarishi na kupewa fedha kwanza. Kwenye barabara yenye magari mengi hesabu hiyo inasimama, lakini penye magari machache inayumba.

Tuseme kuna kona 100 zinazofanana kwa kila kitu, kila moja ikiwa na wastani wa ajali 1 kwa miaka 3. Kwa bahati nasibu tu, kona kama 8 zitapata ajali 3 au zaidi, na zote zitaingia kwenye orodha. Zitawekewa vibao. Miaka 3 inayofuata zitarudi kwenye wastani wake wa ajali 1, kama ambavyo zingerudi bila kibao chochote, na aliyeweka vibao atapongezwa. Mtafiti Ezra Hauer ni miongoni mwa waliopigania dawa ya kosa hili: ajali zilizohesabiwa mahali zichanganywe na idadi inayotarajiwa kwa barabara za aina ile, na kadiri rekodi ilivyo haba ndivyo uzito uhamie kwenye matarajio. Mwongozo wa usalama wa barabara kuu uliotolewa Marekani mwaka 2010 unatumia njia hiyo. Tatizo ni kwamba matarajio yake yamejengwa kwa barabara za kule, zisizo na baiskeli iliyobeba magunia ya mkaa wala ng'ombe wanaovuka jioni. Kuyachukua jinsi yalivyo ni kuvaa kiatu cha mwenzio.

Isitoshe, rekodi zenyewe zina matundu. Kwa mwaka 2016, vifo vya barabarani vilivyoripotiwa Tanzania vilikuwa kama 3,200, ilhali Shirika la Afya Duniani lilikadiria zaidi ya 16,000. Hata ukilipunguza kadirio hilo nusu, pengo linabaki. Na haliko sawa kwa kila aina ya ajali: lori na basi vikigongana habari hufika kituoni, lakini bodaboda akianguka peke yake usiku anabebwa na wenzake hadi zahanati, na asipohitaji PF3, fomu ya polisi ya matibabu, hakuna karatasi inayobaki. Ramani ya nukta basi inaegemea magari makubwa.

Wanaotetea rekodi nao wana hoja nzito. Pasipo takwimu kila mtu hutibu anachokiogopa, na huku dawa ya kila hofu ni tuta. Mtoto akigongwa, wananchi wanadai tuta, na linamwagwa bila kipimo. Tuta la duara lenye kimo cha sentimita 10 na upana wa mita 4 hushusha mwendo hadi kama kilomita 30 kwa saa. La kushusha mwendo hadi kilomita 50 linahitaji kimo kilekile lakini upana wa mita 9.5. Likiwa jembamba, bila rasta (mistari ya kutikisa gari kabla ya tuta), kibao wala rangi inayoonekana usiku, lori lenye mzigo hulikuta ghafla, hukanyaga breki, na la nyuma hulivaa. Takwimu zingelionyesha hilo mapema.

Kwa maoni yetu, kwa barabara hizi ni heri kuhesabu aina za ajali kuliko mahali pa ajali. Gari kuacha njia kunaweza kutokea kona hii mwaka huu na nyingine mwakani, ila sababu zinafanana. Mvua hula udongo wa bega, yaani ukanda wa kando ya lami, ukingo wa lami unabaki umesimama kama ngazi. Ukifika sentimita 8 hivi, tairi iliyoteleza nje husugua ukingo bila kupanda. Dereva anaongeza usukani, tairi inapanda kwa kishindo, na gari linarushwa upande wa pili wa barabara. Rekodi itaandika “uso kwa uso, mwendo kasi”. Mwendo ulichangia, lakini ukingo ulioinamishwa nyuzi 30 badala ya kukatwa wima ungempa dereva nafasi ya kurudi taratibu. Vivyo hivyo kwa tuta la udongo linalobeba barabara (si lile la kupunguza mwendo): mteremko wa kando wa 1 kwa 4, yaani kushuka mita 1 kwa kila mita 4, unampa dereva nafasi ya kulidhibiti gari, wa 1 kwa 2 unalipindua. Na ukuta wa kalvati uliochomoza kando ya bega ni jiwe linalongoja mtu.

Njia hii ina faida zaidi pale changarawe inapogeuzwa lami, kama ilivyofanyika kati ya Kidahwe, Kasulu, Kibondo na Nyakanazi. Rekodi za enzi ya vumbi hazitabiri lami, kwa kuwa mwendo unapanda. Kwa muda wa sekunde 2.5 wa kushtuka na breki ya kawaida, gari la kilomita 50 kwa saa linasimama kwa mita 63 hivi. La 100, mita 183. Kijiji kilekile, mtoto yuleyule anayevuka kwenda kisimani.

Gharama ndiyo inayowapa wapinzani nguvu. Kupanua bega mita 1 kila upande kwa kilomita 100 ni mita za mraba 200,000 za tabaka jipya, na hakuna mkoa utakaozipata kwa mkupuo. Kwa hiyo uchaguzi hauepukiki: kuanza na matuta marefu ya udongo yanayobeba barabara, kona za nusu kipenyo kidogo zinazofuata mnyooko mrefu, na maingilio ya vijiji. Hapo ndipo idadi za trafiki zinarudi kazini, kupanga foleni ndani ya kundi hilo.

Ili zifae, fomu ya trafiki inahitaji vitu vitatu visivyogharimu sana: nukta ya GPS kutoka kwenye simu badala ya “karibu na kalvati”, tukio la kwanza (tairi kutoka nje ya lami, si kugongana kulikofuata), na kitu kilichogongwa mwisho.